Mwiba wa sato na tonge la ugali
Huku Mwanza mwiba wa sato ukimkwama mtu kooni utasikia tu "meza tonge kubwa la ugali bila kutafuna, utashuka", jamani tuache hii tabia. Ukimeza, koromeo linapanda juu (shika shingo umeze mate, utalisikia), kifuniko kidogo kinalalia njia ya hewa na pumzi inakata kama sekunde moja hivi, halafu umio, ule mrija wa kama sentimita 25, misuli yake inabana nyuma ya tonge na kulisukuma mpaka tumboni. Sasa nguvu yote hiyo ikikandamiza ugali juu ya mwiba, si unazidi kuzama kwenye nyama, na umio ukitoboka ni hatari kweli. Mpelekeni hospitali wautoe kwa kifaa.