Nilivyoacha kupika data

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Moshi, nilipeleka ripoti ya jaribio la pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye uzi, la kupima mvutano wa dunia. Ilikuwa na jibu safi: 9.81. Nukta zangu saba zilikaa juu ya mstari wa grafu kama shanga kwenye uzi. Fundi sanifu wa maabara, mtu mzima tuliyemwita Mzee, aliitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa upole:

"Binti, hii umepimia wapi?"

"Hapa hapa, Mzee. Ile meza ya dirishani."

"Hapa Moshi?"

"Ndiyo, Mzee."

Akanirudishia. "Basi kapime tena. 9.81 ni ya London na Paris. Ya kwetu ni ndogo kuliko hiyo."

Nilitoka pale mwili umekufa ganzi, maana alikuwa amenishika. Zile namba nilizipika. Nilichukua fomula, nikaingiza 9.81, nikarudi nyuma hadi kwenye sekunde, kisha nikajaza jedwali. Kwa mtu aliyesoma sekondari kwetu hilo neno halihitaji maelezo. Nilisoma shule ya kata ambako chumba cha maabara kilikuwepo lakini vifaa vilikuwa vya kuhesabika, na jaribio tulilijua kwa jibu lake. Ukishajua jibu linalotakiwa, mkono unakwenda wenyewe. Hadi nafika chuo nilikuwa sijawahi kuona kwamba ni uongo. Niliona ni kumaliza kazi.

Kilichonikaa moyoni ni ile kauli ya "ya kwetu". Sikuwa najua kwamba mvutano wa dunia una ya kwetu na ya kwao. Nikaenda kusoma. Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta na inazunguka, kwa hiyo mtu wa huku yuko mbali zaidi na kitovu chake, na mzunguko nao unampunguzia uzito kidogo. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na juu ya hapo mji umekaa zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Ukijumlisha yote unapata karibu 9.78 mita kwa sekunde mraba. Tofauti na London ni 0.03 tu. Kwa miaka yote niliyosoma fizikia nilikuwa nakariri kipimo cha mji nisiowahi kuukanyaga.

Nilirudi maabara Jumamosi na mwenzangu wa meza. Safari hii tulikubaliana kuandika kila tulichokiona. Gololi ya chuma, uzi, stendi, saa ya kupimia sekunde. Tukapima urefu saba tofauti, bembea 20 kila mmoja, tukachora grafu ya muda kipeo cha pili dhidi ya urefu. Mstari ukanyooka vizuri sana. Jibu: 10.5.

Mwenzangu alitaka tuache. Mimi nilikaa kwenye stuli nikaitazama ile grafu muda mrefu, kwa sababu mstari ulionyooka ulikuwa umenipa imani. Baadaye nilielewa kwamba kosa linalojirudia kwa uwiano uleule kila mara haliupindishi mstari, linaubadilisha mteremko wake tu. Kunyooka kwa grafu kulikuwa kunaniambia kwamba nakosea kwa uaminifu.

Mzee hakutuambia kosa liko wapi. Alisema tu, "Hesabu kwa sauti, nisikie." Mwenzangu akaachia gololi, nami nikabonyeza saa na kusema, "Moja!" Mzee akainua kidole. Gololi ilikuwa haijabembea hata mara moja, na mimi tayari nimeshaihesabia. Bembea zangu 20 zilikuwa 19. Unaanza na sifuri. Kosa dogo hivyo lilipandisha jibu kwa zaidi ya asilimia kumi.

Tukarudia kwa kuanza na sifuri. Likashuka hadi 9.5, yaani sasa tumepita chini. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kwa kweli, maana ilikuwa wazi kwamba kuna kosa la pili ambalo lile la kwanza lilikuwa limelificha. Tulikuwa tunaivuta gololi mbali mno, kama nyuzi 30, ili tuione vizuri. Fomula ya pendulamu tuliyofundishwa ni ya pembe ndogo. Kwa nyuzi 30 kila bembea inachelewa karibu asilimia 1.7, na kwa kuwa muda unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, jibu linaporomoka mara mbili ya hapo. Tukashusha pembe chini ya nyuzi 5.

Mengine tuliyaokota njiani. Saa ibonyezwe gololi inapopita katikati, ambapo mwendo ni mkali, maana kule ukingoni gololi inasitasita na jicho halijui ni lini hasa imegeuka. Tukabandika alama ya kalamu kwenye karatasi nyuma yake. Uzi ubanwe kati ya vipande viwili vya kizibo kilichopasuliwa, kwa sababu fundo lililofungwa kwenye chuma huzunguka na urefu hubadilika. Urefu upimwe hadi katikati ya gololi. Pangaboi lizimwe.

Tukapata 9.77.

Sasa uandishi, ambao kwangu ulikuwa mgumu kuliko vipimo. Ripoti yangu ilikuwa na 9.7683412, kama kikokotoo kilivyotoa. Mwalimu wetu wa maabara, mama mmoja mtaratibu ambaye kalamu yake nyekundu haikuacha kitu, alizungushia tarakimu tano za mwisho na kuandika pembeni: "Hizi umezijuaje?" Rula yangu ilisoma milimita, mkono wangu ulichelewa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde kila nilipobonyeza saa. Tarakimu ya saba ilikuwa ya kikokotoo, haikuwa yangu. Nilijifunza kukadiria kwanza shaka ya kila kipimo, yaani kiasi ambacho huenda kimekosea, ndipo nikate namba pale shaka inapoanzia. Ikawa 9.77, kujumlisha au kutoa 0.03.

Sehemu ya makosa niliandika kama tulivyozoea wote: "makosa ya kibinadamu". Alikata kwa mstari mmoja. Nilipokwenda ofisini kwake alinikaribisha kiti.

"Makosa ya kibinadamu ndiyo yapi?"

"Kama... kuchelewa kubonyeza saa, Madam."

"Kwa kiasi gani? Na yanapandisha jibu au yanalishusha?"

Sikuwa na la kusema. Akanieleza kwamba kosa nisiloweza kulipa ukubwa na upande halijamsaidia msomaji chochote. Mpaka leo nikiona maneno hayo kwenye ripoti ya mtu naumia, kwa sababu najua yanaficha kazi ambayo ingekuwa tamu kuisoma.

Halafu kulikuwa na sentensi niliyojivunia kuliko zote. Niliandika kwamba jaribio hili linathibitisha kuwa mvutano wa Moshi ni mdogo kuliko 9.81. Madam akaniuliza tofauti ni ngapi. 0.04. Na shaka yangu? 0.03. "Basi bado hujathibitisha," akasema. "Umeonyesha kwamba huenda. Ukitaka kusema 'inathibitisha', punguza shaka." Nilifuta neno lile nikiwa nimenuna kidogo, lakini usiku nilipolisoma upya nikaona ana haki. Nilichokuwa nakijua kitabuni nilikuwa nakipachika mdomoni mwa data yangu. Ni kupika kulekule, safari hii kwa maneno.

Kupunguza shaka kulinichukua miezi miwili ya mwaka wa pili, na nitakusimulia kwa kirefu kwa kuwa ndipo nilipojifunza zaidi.

Pendulamu ndefu inabembea polepole, na kosa la mkono kwenye saa likigawanywa kwa sekunde nyingi linakuwa dogo. Nikaomba kutumia uwazi wa katikati ya ngazi za jengo letu, ghorofa mbili, usiku watu wakishatoka. Uzi wa kuvulia samaki nilinunua Soko la Mbuyuni. Kaka yangu ni fundi mwashi. Akaniazima timazi yake ya shaba, nzito na imechongeka vizuri. Nilifurahi nayo kwa siku mbili, kisha nikakwama: timazi ina umbo la karoti, na katikati ya uzito wake si pa kupaona kwa jicho. Nikirudi kwenye gololi, katikati najua iko wapi bila kubahatisha. Nikapata gololi kubwa ya beringi ya lori kwa mafundi wa magari, nikapima kipenyo chake kwa vernia, kifaa kinachosoma hata sehemu ndogo ya milimita, nikagawa kwa mbili.

Vipimo vya kwanza vilitoa 9.76. Karibu, lakini shaka niliyokuwa nimekokotoa ilikuwa 0.01, kwa hiyo ile 0.02 iliyopungua ilinisumbua. Ningekuwa mimi wa mwaka wa kwanza ningeisogeza. Nilirudia kila kitu usiku mbili mfululizo, ikarudi ileile. Kaka ndiye aliyenifungua macho nilipomsimulia kwa Kiswahili cha nyumbani, bila fomula.

"Uzi wenyewe wa nailoni?"

"Ndiyo, kaka."

"Nailoni inavutika, mdogo wangu. Sisi hatupigii kamba ya ukuta kwa nailoni mbichi. Uliupima kabla ya kuning'iniza au baada?"

Kabla. Niliupima umelala sakafuni. Usiku ule nikaupima ukiwa umebeba gololi, na ulikuwa umerefuka milimita 4. Milimita 4 katika mita mbili na nusu ndizo zilizokuwa zimeila ile 0.02. Tangu hapo nikawa napima urefu uzi ukiwa umebeba mzigo, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na namba zote mbili zinaingia daftarini.

Daftari nalo lilibadilika. Nilikuwa naandika kwa penseli kwenye karatasi za kufungia ili baadaye ninakili pasafi. Madam alinikataza: kalamu ya wino, daftari lililoshonwa, tarehe kila ukurasa, kosa linakatwa kwa mstari mmoja ili bado lisomeke. Ukurasa wa usiku wa nailoni bado ninao, na 2.483 iliyokatwa na 2.487 pembeni yake.

Mwisho wake ni huu: urefu mita 2.487, bembea 50, mara kumi. Wastani sekunde 158.42. Jibu 9.78, kujumlisha au kutoa 0.01. Sasa 9.81 ilikuwa mbali na kipimo changu mara tatu ya shaka yake, na nikaruhusiwa sentensi yangu, kwa maneno yaliyopimwa.

Wakati naandika ripoti hiyo nilimfikiria sana Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Aliambiwa haiwezekani, akaendelea kuuliza, na mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam wakachapisha walichokiona. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma uhifadhi wa wanyamapori Mweka, hapo juu tu kutoka mjini kwetu. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe lipo, na sehemu ya ubishi ni mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya chombo. Hilo linanigusa kuliko sifa zake. Kijana alisema alichokiona, na hadi leo watu wanagombania jinsi ya kukipima.

Tulikuwa na jambo letu la namna hiyo maabara. Maji yakichemka, kipimajoto kinasoma 97, na darasa zima linaandika 100 kwa kudhani kifaa ni kibovu. Hewa ya Moshi ni nyepesi kuliko ya pwani, ndiyo maana. Wapagazi wa Kilimanjaro wanajua kwamba maharage hayaivi kule juu. Kileleni, mita 5,895, maji huchemka karibu na nyuzi 80. Mwaka wa tatu nilipowekwa kuwasaidia wa mwaka wa kwanza, hilo ndilo jaribio nililoanza nalo. Nilikusanya vipimajoto vyote, nikawaambia waandike kinachosomeka. Kulikuwa na 96.5, 97, 97, 98. Binti mmoja aliandika 100. Sikumtaja. Nilikaa naye mwishoni, nikamuuliza alikipimia wapi.

Mwaka huohuo kijana wa mwaka wa pili aliomba ripoti yangu ili arudie jaribio la ngazini, akifuata nilivyoandika bila kuniuliza chochote. Hayo ndiyo masharti aliyopewa na Madam. Alikaa nalo wiki tatu, akapata 9.79, shaka 0.02. Siku ya pili yake akanifuata kantini, ripoti mkononi, amekunja ukurasa wa tatu.

"Dada, samahani. Hapa umeandika urefu ulipimwa 'kuanzia kwenye kizibo'. Ni juu ya kizibo au chini yake? Kizibo kina sentimita 2. Nilibahatisha chini."

Ilikuwa chini. Nilitoa kalamu, nikaandika: "kuanzia ukingo wa chini wa kizibo", nikaweka tarehe.