Nilivyoandika maisha ya Grace Ibingira

Wanafunzi wangu wa historia waliniomba niwaandikie maisha ya mwanasiasa mmoja wa Uganda wa enzi za uhuru. Nikamchagua Grace Ibingira, mwanasheria wa Ankole aliyekuwa waziri wa sheria chini ya waziri mkuu Milton Obote. Ugumu ulikuwa kwamba kila aliyemkumbuka alikuwa na upande wake: kwa huyu, Ibingira alitaka kukiteka UPC, chama tawala cha Obote, kwa yule, alionewa tu. Ukiwasikiliza wote, mtu mwenyewe humwoni.

Kilichonitoa hapo ni hukumu za mahakama. Hukumu haina haja ya kumsifu mtu: hutaja sheria iliyotumika, hoja za pande zote mbili, na kwa nini majaji waliamua walivyoamua. Nilianzia 22 Februari 1966, siku Ibingira na mawaziri wenzake wanne walipokamatwa katika kikao cha baraza la mawaziri, kisha nikaifuata kesi yao hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Inaitwa kwa jina lake, kwa hiyo haina taabu kuipata katika vitabu vya hukumu vya mwaka huo.

Walikuwa wameshikiliwa kwa sheria ya kuwahamisha watu kwa nguvu, iliyoachwa na wakoloni. Mahakama ikasema sheria hiyo, ikitumiwa dhidi ya raia wa Uganda, inavunja haki inayolindwa na katiba. Wakashinda. Serikali ikawapeleka Buganda, ambako hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Huko wakaachiwa, na papo hapo wakakamatwa tena kwa kanuni za hali ya hatari. Aliyekuwa waziri wa sheria! Sehemu hiyo nikaiandika kwa urefu, hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake serikali yote ya wakati ule inaonekana.

Mengine niliyapitia haraka: ndiye aliyebuni bendera ya Uganda ya 1962, aliachiwa 1971 baada ya Idi Amin kupindua serikali, akawa balozi Umoja wa Mataifa, kisha akaishi uhamishoni, alifariki 1995.

Malalamiko ya wafuasi wa John Kakonge, aliyeshindwa na Ibingira katika uchaguzi wa katibu mkuu wa UPC kule Gulu mwaka 1964, nimeyaweka yalivyo. Ila hayo ni ya chama. Mtu kukaa kizuizini karibu miaka mitano bila kuhukumiwa ni jambo jingine kabisa, na nimeliandika hivyo.