Kufikisha Lengo la Siku Bila Kujimaliza

Kazi yangu ni kushona kola za mashati kiwandani, na lengo langu la siku ni kola 480, yaani 60 kwa kila saa. Mwaka wa kwanza nililifikia karibu kila siku, lakini jioni nilirudi nyumbani sina nguvu hata ya kuzungumza na wanangu, na Jumatatu ilinikuta nimechoka kama vile Jumapili haikuwapo.

Kosa lilikuwa katika mwendo wa asubuhi. Nikiwa bado na nguvu, niliikimbiza cherehani hadi kola 75 kwa saa ili nijiwekee akiba, nikiamini kwamba alasiri nitapumua. Sikupumua hata siku moja. Ilipofika saa nane mchana mabega yalikuwa yamekaza, macho yalikuwa hayaifuati tena vizuri alama ya mshono ukingoni, na kola zenye ncha zilizopinda zikaanza kurudishwa na mkaguzi. Kufumua kola moja, kuchomoa mabaki ya uzi bila kuchana kitambaa na kuishona upya kulinichukua muda ambao ningeshona tatu nyingine, kwa hiyo akiba ya asubuhi niliilipa yote alasiri, tena kwa riba.

Nilianza kuandika katika daftari dogo idadi ya kila saa na idadi ya zilizorudi. Baada ya wiki tatu nilijionea mwenyewe kwamba kola nyingi za kufumua zilitoka katika siku nilizoanza kwa kasi. Sasa nashona 63 kwa saa, asubuhi na alasiri, na kwa mwendo huo lengo linatimia huku zikibaki dakika kama 20 katika saa nane za kazi. Dakika hizo nazigawa kidogo kidogo: kila ninapomaliza bando, yaani fungu la kola, nasimama, nanyoosha vidole na kunywa maji. Bobini nazijaza uzi kabla ya kuanza, kwa sababu kukatika kwa mwendo katikati ya bando huchosha kuliko kushona kwenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na mwanauchumi John Pencavel alipozichambua upya takwimu za wakati huo mwaka 2014, alikuta kwamba wiki ya saa 70 haikuzalisha zaidi sana ya wiki ya saa 56. Nawafikiria watu wale na saa zao 14 za kila wiki, ambazo karibu zilipotea bure.

Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2019, linautambua uchovu huu kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini, na linataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Ya pili ndiyo iliyonitisha, kwa maana nilifika mahali ambapo kola iliyopinda haikuniuma tena.

Lakini yapo malengo ambayo hakuna mwendo wowote utakaoyafikia, na hapo mfanyakazi asijilaumu. Tulipoletewa kitambaa kinachoteleza, lengo lilibaki 480 na kila mtu kwenye mstari wetu alianza kubaki nyuma. Nilimpelekea msimamizi daftari langu, nikamwonyesha saa kwa saa tofauti ya kitambaa cha zamani na kipya. Alivuta kiti, akakaa kando yangu saa nzima akihesabu. Zilitoka kola 53. Wiki iliyofuata lengo la kitambaa kile lilishushwa hadi 420.