Debe Lenye Mimba

Mwanangu wa darasa la nne alirudi na kazi ya nyumbani: debe moja ni lita ngapi? Nikamwambia andika 20, utapata vema. Yeye akalala zake. Mimi nikabaki macho, namuwaza Bibi na yule mnunuzi wa mahindi.

Ilikuwa 1998, mvua za El Niño zimeshatuacha na barabara zilizokatika. Mahindi ya masika yalikubali. Mimi nilikuwa darasa la saba, na Bibi (mnamjua akishaamua) alishasema nikifaulu nakwenda sekondari, ada itoke shambani. Ada hiyo kwenye shule za serikali imekuja kufutwa 2016, mimi nikiwa tayari naitwa baba.

Kwetu Handeni, upande wa Sindeni, mwezi wa nane kila mtu anauza kwa sababu kila mtu anadaiwa. Bei inakuwa ya kutupa. Ikifika Februari, wale wale waliouza ndio wanaotafuta mahindi ya kununua. Hakuna asiyelijua hilo, ila kulijua hakulipi deni la dukani.

Lori la Fuso likaegeshwa chini ya mwembe. Mnunuzi kijana, kalamu sikioni. Kibarua wake na debe la kupimia na sindano ndefu ya magunia. Majirani walikuwa wameshapimiwa, magunia yao yamejazwa lumbesa, yaani kupita mdomo wake, na kufumwa juu kwa kamba ya katani. Zamu yetu ikafika. Kibarua akajaza debe, akalitikisa, akaligonga chini, mahindi yakashuka, akaongeza tena mpaka yakasimama mlima, huku ameyazuia kwa mkono yasimwagike. "Mojaaa!" akaimba.

"Ngoja," Bibi akasema.

Akalimwaga lile debe mkekani, akaligeuza kitako juu, akapitisha kiganja taratibu. Bati lilikuwa limegongwa nyundo kwa ndani hadi likatuna, na kila pigo lilionekana mahali pake. Akaliweka chini. Halikutulia, likawa linayumba.

"Mwanangu," akamwambia mnunuzi, "hili debe lako lina mimba ya miezi mingapi?"

Watu wakacheka, hata kibarua. Mnunuzi naye akacheka, kidogo. "Bibi, hilo ndilo debe la soko. Kote tunapimia hilo."

Bibi akanituma debe letu la kuchotea maji. Nikalikausha kwa kanga kuukuu. Akayazoa yale mahindi ya mkekani, akayamimina kwenye letu, likajaa mpaka mdomoni, na bado yakabaki ya kujaza bakuli la mboga. Akalichukua lile bakuli, akawapitishia majirani mmoja mmoja, wale waliokwisha kuuza. Hapo hakucheka mtu.

Mnunuzi akasema haya, tupimie kwa lako, ila bei ya debe hilo ni nyingine. Akaitaja. Ukipiga hesabu, ulikuwa umerudi pale pale.

Nimekuja kumwelewa yule mnunuzi nilipoanza kazi ya ghala hapa Tanga mjini. Ushuru ulikuwa kwa gunia, nauli kwa gunia, kupakia kwa gunia. Gunia la debe 6 ukilishindilia 7 au 8, tajiri anapona na mkulima ndiye anayemlipia. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini sheria bila mizani kijijini ni maneno. Tena wazee wetu walikuwa na kisa chao cha enzi za mizani ya ushirika: mahindi yalipimwa vizuri sana, hela ikaja msimu mwingine.

Bibi aliuza magunia mawili tu, ya ada. Mengine yalikuwa bado darini na maganda yake, juu ya moshi wa jiko, akagoma kuyateremsha. Bwana shamba alishatuambia tupukuchue, tuchanganye na dawa ya unga, maana dumuzi hajali moshi. Huyu mdudu hapa nchini alionekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengine wakambatiza Skania. Hela ya dawa haikupatikana. Kufika Januari, ukitikisa gunzi unanyunyiziwa unga, na Februari tulikuwa dukani na sado mkononi, lile kopo dogo la kupimia, kwa bei ya Februari.

Kaka yangu mpaka leo anashikilia kwamba Bibi angeuza yote siku ile, mimba na kila kitu, tusingelala njaa. Huenda. Ila ada iliyolipwa ilikuwa yangu, si yake, kwa hiyo tukifika hapo mimi huomba chai.