Leseni ya kuuza bia Lubumbashi: anayeandika noti ya malipo hapokei fedha

Watu wengi wanaotaka kufungua nganda, yaani baa ya mtaani, au mgahawa wenye bia hapa Lubumbashi huenda moja kwa moja komuni, yaani ofisi ya utawala wa mtaa wa mji, kuomba leseni ya pombe, na huko huulizwa kwanza kama biashara yenyewe imesajiliwa. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mfanyabiashara huandikishwa katika rejista ya biashara, yaani RCCM, na katika dirisha hilohilo la serikali hupata namba ya utambulisho wa taifa na namba ya kodi. Mimi na dada yangu tulipofungua nganda yetu, hatua hiyo haikutusumbua.

Kazi yenyewe huanza baada ya hapo, kwa sababu ruhusa ya kuuza pombe haikai mahali pamoja. Mkoa wa Haut-Katanga, uliozaliwa Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, una tozo zake, na komuni ina zake. Watu wa usafi hukagua vyoo, maji na jiko. Na ukipiga muziki, SOCODA, shirika la haki za watunzi, hudai malipo yao. Mimi dai hilo la mwisho naliona la haki kuliko yote, maana bila rumba nani atakaa hadi usiku kwenye kiti cha plastiki?

Kinachomlinda mwenye nganda katikati ya ofisi hizo zote ni utaratibu mmoja wa fedha za umma: anayekadiria tozo siye anayeipokea. Yeye huandaa noti ya malipo yenye jina la biashara, aina ya tozo na kiasi, wewe huipeleka benki, na hati ya benki ndiyo inayokurudisha ofisini kuchukua karatasi yako. Mkaguzi mmoja alipomaliza kuzunguka chumba chetu katika komuni ya Kamalondo, aliweka kalamu mezani akamwambia dada yangu: «Mama, faili imekamilika, imebaki ya gari tu», yaani kitu kidogo cha mfukoni mwake. Dada akamjibu kwa upole kabisa: «Asante, Papa. Utuandikie noti, tutaipeleka benki.» Noti ilikuja baadaye, na kiasi chake kilikuwa chini ya kile alichokuwa amekitaja kwa mdomo.

Anayepanga mtaji asiishie kwenye tozo. Depo ya vinywaji haitakupa bia ya Simba wala Tembo bila chupa tupu na kasiye zake, yaani kreti, na kwa nganda mpya isiyo na hata chupa moja, gharama hiyo ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Tena kuna tozo zinazolipwa kila mwaka, kwa hiyo hati za benki tunazitunza kwa mwaka wake, na nakala zimebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, mahali ambapo mkaguzi anaweza kuzisoma hata siku ya mechi ya Mazembe, wakati hakuna mhudumu mwenye nafasi ya kufungua faili.