Zikishuka, zitamshukia nani?

Mzee hakunigombeza. Angenigombeza, ningeshasahau. Aliuliza tu, kwa utulivu, kama mtu anayetaka kweli kujua, na tangu Jumamosi swali lake linanirudia kila nikinyamaza.

Mzee huyo ni mwenye ile nyumba ya geti la kijani tunayofikiria kuinunua, ambayo mara ya kwanza dalali alituonyesha kwa nje tu. Safari hii mwenyewe alikuwepo. Alitutembeza chumba kwa chumba, akituambia mambo ambayo muuzaji mwingine angeyafunika kwa rangi: ukuta wa bafu unaonyonya maji upande wa chini, dirisha la stoo linaloingiza mvua upepo ukivuma. Kisha akatoa daftari la gamba gumu. Humo ameandika kila tengenezo tangu ahamie: bomba la jikoni, mabati ya upande wa nyuma, jina la fundi, tarehe, gharama. Mnajua daftari kama hilo linamfanya nini mtu wa hesabu kama mimi. Kurasa za nyuma kuna safu ndefu ya marejesho ya mkopo, mwezi kwa mwezi, kwa mwandiko uleule, na rejesho la mwisho kalipigia mstari mara mbili. Anauza kwa sababu mkewe hawezi tena kupanda ngazi, wanataka kuhamia karibu na binti yao.

Tukiwa tumesimama mlangoni akaniuliza, "Haya mwanangu, mmeionaje?"

"Nyumba ni nzuri, baba," nikasema. "Ila tunafikiria tusubiri kidogo. Watu wanasema bei zitashuka."

Akafunga daftari lake. "Zikishuka, zitamshukia nani?"

Nikakosa neno. Baba watoto akadakia, akauliza habari za tanki la maji, na mazungumzo yakahamia huko.

Wiki hii wifi kajifungua mapacha, wote wazima, tunamshukuru Mungu, na ofisini tumefunga hesabu za robo mwaka. Yote hayo yamepita mbele yangu, lakini mimi bado niko pale mlangoni namtafutia mzee jibu. Nikiosha vyombo namjibu kwa adabu: si wewe, baba, ni soko. Nikiwa njiani kwenda kazini namjibu kwa ukali kidogo: na zilipokuwa zinapanda, zilimpandia nani? Maana zilitupandia sisi wapangaji, na hakuna aliyekuja kutuuliza. Kila mwenye nyumba aliyetuongezea kodi alisema ni hali ya soko, nasi tukalipa au tukafunga virago. Jibu hilo la pili nalipenda, na naamini lina haki yake. Lakini kila nikilimaliza namwona anafunga lile daftari, na najua sijajibu alichouliza.

Basi watoto wakishalala nimekuwa nasoma. Nilitaka kujua ni lini hasa bei za nyumba hushuka kiasi cha kumnufaisha mtu kama mimi. Zinashuka kweli, hilo halina ubishi. Marekani zilifika kilele mwaka 2006, na kufikia 2012 zilikuwa zimeporomoka kwa zaidi ya robo. Ayalandi zilianguka kwa karibu nusu kati ya 2007 na 2013. Japani bei ya ardhi ilianza kushuka mwaka 1991 ikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Ukiishia kwenye tarakimu hizo unaona kusubiri ni busara tupu.

Sikuishia hapo. Ayalandi, bei zilipokuwa zinaanguka, ukosefu wa ajira ulipanda kutoka takriban asilimia 5 hadi karibu asilimia 15, na waliotangulia kurudishwa nyumbani ni watu wa ujenzi. Mnajua baba watoto riziki yake inatoka wapi. Inatoka saiti. Yaani mwaka ambao nyumba ya geti la kijani ingeuzwa kwa nusu ya bei, ndio mwaka ambao yeye angekuwa kakaa sebuleni anangoja simu ya msimamizi isiyopigwa. Na benki nazo mwaka kama huo hazikopeshi hovyo: zinataka malipo ya awali makubwa zaidi, zinachungulia ajira yako mara mbili. Anayenunua vizuri wakati huo ni mwenye fedha taslimu mkononi, na sisi si watu hao. Na baadhi ya nyumba za bei poa za wakati kama huo hupatikana kwa sababu familia fulani ilishindwa kulipa ikatolewa.

Nimelifikiria hilo sana. Kumbe mzee alikuwa ananiuliza kama najua ninachokiomba.

Nilipofika hapo kitu fulani kikanitoka moyoni, ile aibu ya Jumamosi, nikachukua karatasi na kikokotoo. Hesabu ninaziweza, na hizi ningependa kila mpangaji azijue kabla hajaambiwa "nunua sasa" au "subiri" na mtu yeyote.

Chukua mkopo wa 100, wa chochote unachohesabia fedha zako, kwa miaka 20, riba asilimia 10. Rejesho la kila mwezi ni kama 0.97. Mwezi wa kwanza, 0.83 ya hiyo inaliwa na riba, deni lenyewe linapungua kwa 0.13 tu. Ukimaliza miaka 14 ya kulipa bila kukosa, bado unadaiwa zaidi ya nusu ya ulichokopa. Mpaka mwisho utakuwa umelipa karibu 232. Sasa tuseme nimesubiri, bei imeshuka kwa asilimia 10, nimekopa 90 badala ya 100, lakini riba imepanda hadi asilimia 12. Rejesho langu ni 0.99. Nyumba imekuwa rahisi na mimi nalipa zaidi kila mwezi! Kwa riba hiyo, bei inapaswa kushuka kwa zaidi ya asilimia 12 ndipo niwe nimepata nafuu yoyote, na hapo sijagusa kodi niliyoendelea kulipa wakati wote wa kusubiri.

Tena riba ikipanda si lazima bei zishuke. Marekani, riba ya mikopo ya nyumba ya miaka 30 ilitoka takriban asilimia 3 mwanzoni mwa 2022 ikakaribia asilimia 8 Oktoba 2023. Wengi walitarajia bei zianguke. Hazikuanguka, kwa sababu waliokuwa na mikopo ya zamani ya riba ndogo waligoma kuuza: nani aache rejesho dogo akabebe kubwa? Nyumba za kuuzwa zikaadimika, na waliokuwa wanasubiri wakabaki na bei ileile pamoja na riba mpya.

Simaanishi kila mtu akimbilie kununua. Shemeji anaogopa tukinunua sasa, na hofu yake ina msingi: ukinunua leo bei ikaporomoka kesho, unaweza kudaiwa kuliko thamani ya nyumba yenyewe. Ila janga hilo humuumiza hasa anayelazimika kuuza, kwa kuhama au kwa kukosa kipato. Anayekaa na kulipa kwa kawaida huvuka. Kwa hiyo tuliacha kubishana juu ya soko, ambalo hatuliwezi, tukajiuliza yaliyo yetu. Tutakaa hapo angalau miaka kumi? Ndiyo, shule za watoto ziko karibu. Rejesho litavuka theluthi ya kipato? Kwa mishahara yote miwili, halivuki. Kwa mshahara wangu peke yangu, linabana sana lakini linalipika, mradi akiba ya miezi sita tusiiguse kwenye malipo ya awali. Hili la akiba ndilo tulilolumbana, na nimesimama imara. Ada za mwanasheria na za kuhamisha hati tumezitenga kando, na gharama za matengenezo nimezikadiria kwa asilimia 1 ya bei kila mwaka, ingawa daftari la mzee linaonyesha alitumia pungufu.

Leo asubuhi fundi kaenda kuutazama ukuta wa bafu. Anasema ni bomba lililopasuka ndani, msingi uko salama. Tumempelekea mzee ofa yetu iliyoandikwa, chini kidogo ya anachotaka, na tumeeleza kwamba tofauti ni ya ukuta na dirisha, hakuna tulichokata kwa kubahatisha soko. Nimeambatanisha makadirio ya fundi. Kasema atazungumza na mkewe. Akikataa, tunaweza kuongeza kidogo tu, na baada ya hapo tutaendelea kutafuta nyingine bila kinyongo. Lakini naitaka. Naiandika hapa ili isemwe: naitaka nyumba ile, na namtaka mzee apate fedha ya kumweka mkewe mahali pasipo ngazi.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu ni kingine. Mama kaniambia kwa simu, kama habari ya kawaida tu, kwamba dawa za presha kaziacha wiki nzima kwa sababu anajisikia mzima. Kesho asubuhi nampitia kabla ya kazi, na kipimo nakibeba. Dada, ukisoma hapa usimpigie usiku huu. Atajua nimekuambia, na atasema kashakunywa.