Siku moja maishani mwangu: sekunde 50 pale Feri

Saa 11:00 alfajiri

Mimi ni fundi wa vifaa katika chuo kimoja cha utangazaji na filamu hapa Dar es Salaam. Kamera, maiki, stendi, taa, betri, vyote hupita mikononi mwangu vikienda na vikirudi, na kikipotea kitu naulizwa mimi. Kwa kawaida naingia kazini saa 2, ila leo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wana zoezi la nje, na mwanga wa asubuhi haufuati ratiba ya mtu. Kwa hiyo muda huu niko kituoni Kimara nasubiri Mwendokasi la Kivukoni. Kudamka hivi kuna faida moja: siti unapata.

Njiani napitia orodha kwenye simu. Kila kikundi kamera, stendi, kinasa sauti, na maiki yenye manyoya. Manyoya ndiyo wanayoyadharau kila mwaka. Pale Feri, soko la samaki tunakokwenda leo, upepo wa bahari ukiikuta maiki tupu, utadhani mtu anachana turubai sikioni mwako.

Saa 12 kasoro

Stoo yetu ina kiyoyozi kwa sababu unyevu wa Dar huotesha kuvu ndani ya lenzi. Lakini kiyoyozi hichohicho kina shida yake: ukiitoa kamera kwenye chumba cha baridi ukaingia nayo kwenye hewa nzito ya baharini, kioo kinapiga ukungu papo hapo. Ukifuta, unarudi. Nimeona vikundi vimesimama vinaipepea lenzi kwa daftari huku jua linapanda na picha waliyoifuata imeshapita. Ndiyo maana jana jioni, kabla sijafunga, nilizima kiyoyozi na kuacha mikoba imefungwa zipu ipate joto polepole. Asubuhi hii nafungua mkoba wa kwanza, naigusa lenzi: vuguvugu. Safi.

Wanafunzi wanaanza kuingia wakipiga miayo. "Shikamoo Madamu." Marahaba, marahaba. Kila mmoja anasaini na kuhesabu betri mbele yangu, si nyuma yangu.

Kuna kijana amekuja na simu yake mwenyewe, anataka kupigia hiyo. Hakuna ubaya, ila naichukua nakagua mipangilio. Imewekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, kama simu nyingi zinavyotoka kiwandani. Umeme wetu ni wa hezi 50, maana yake taa za tyubu na nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiweka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kuwa 1/50 ya sekunde, kila fremu inabeba mipepeso miwili kamili na picha inatulia. Ukiweka 1/60 hesabu haikai sawa, na unapata mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye kuta. Pale sokoni kuna taa, na alfajiri zitakuwa zinawaka. Tunaweka fremu 25, shata 1/50, tunafunga na mwanga usijibadilishe wenyewe. "Madamu, kumbe ndiyo maana video za harusi ya dada zilikuwa zinachezacheza?" Ndiyo maana, mdogo wangu.

Saa 12:30 asubuhi

Kutoka chuoni hadi Feri ni mwendo wa miguu. Mwalimu wao yuko mbele, anaeleza zoezi tukitembea, nami nyuma na mkoba wa betri wenye nakala za barua ya utambulisho na vibali. Upigaji filamu nchini unaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na kibali ni cha Bodi ya Filamu. Ofisi ya soko nayo ina utaratibu wake. Na kuna kanuni ambayo haihitaji karatasi: Ikulu iko jirani, kwa hiyo upande ule kamera haigeuzwi, hata kama mawingu yamependeza vipi.

Zoezi lenyewe lina masharti mafupi. Shoti moja. Sekunde 50. Kamera haisogei, haivuti, haigeuki. Hakuna muziki, hakuna maandishi, hakuna kukata. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu tu, na kati ya hizo unachagua moja.

Sekunde 50 hazikutoka hewani. Kamera ya ndugu Lumière wa Ufaransa ilikuwa inazungushwa kwa mkono na kubeba mkanda wa kama mita 17, ambao ulikwisha baada ya karibu sekunde 50. Filamu walizowaonyesha watu waliolipa kiingilio Paris tarehe 28 Desemba 1895 zilikuwa za urefu huo. Hapakuwa na kuhariri: unachagua pa kusimama, unachagua lini uanze kuzungusha, basi. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, waongozaji wa nchi mbalimbali walipewa kamera ya aina ileile na masharti yanayofanana na haya yetu: sekunde 52, bila sauti ya papo hapo, majaribio matatu. Walikuwemo wenye majina makubwa, na bado mkanda uliwaishia wakati uleule unaowaishia wanafunzi wetu.

Mimi nalipenda zoezi hili kuliko yote ya muhula. Mwanafunzi anayekuja kuniomba gimbo la kutuliza kamera, droni na lenzi tatu, ukimpa haya masharti utajua mara moja kama ana jicho. Vifaa vinaficha mengi. Nasema hivyo nikiwa mtu anayelipwa kutunza vifaa.

Saa 1:00 asubuhi

Feri imeshachangamka. Mnada unaendelea, watu wanataja bei kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata, matoroli yanapita, "njia! njia!", maji ya samaki yanatiririka kwenye viatu. Wanafunzi wanasimama kwanza kama walioduwaa. Kila kitu kinataka kupigwa, na wana shoti moja.

Kikundi cha kwanza wanabishana: wima au ulalo? Wawili wanataka wima kwa sababu ndivyo watu wanavyotazama kwenye simu. Mwalimu angependa ulalo, naona usoni kwake, ila anawaachia. Mimi sina ugomvi na wima. Mtu mmoja amesimama na ndoo kichwani ni picha ya wima toka zamani. Foleni ya wanunuzi si ya wima, hata ufanyeje.

Binti mmoja mkimya, wa kutoka Lindi, amekwisha kuchagua. Amesimama mbele ya mzee anayepara samaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Hiyo kamera ya TV gani?"

"Ya chuo, baba. Naomba nikupige ukipara samaki. Sekunde hamsini tu."

"Sura usiitoe. Kuna mtu namdai, na kuna mtu ananidai, wote wako humu humu."

"Mikono tu, baba."

"Mikono sawa."

Anashusha stendi mpaka chini, lenzi inakuwa usawa wa meza. Namsaidia kufunga miguu ya stendi maana sakafu inateleza, halafu nakaa pembeni. Mzee anamkamata changu, kidole gumba ndani ya shavu, kisu kinaanzia mkiani kwenda kichwani, kwa mapigo mafupi yasiyo na haraka. Magamba yanaruka na kushika mwanga wa jua ambalo ndiyo kwanza linaingia upande. Binti anabonyeza. Hapumui. Mzee anamgeuza samaki, anaanza upande wa pili, na hapo gamba moja linaruka moja kwa moja na kunata kwenye lenzi. Linabaki pale, duara dogo linalong'aa kona ya juu kushoto, mpaka sekunde zinaisha.

"Madamu, imeharibika."

Namwambia ana majaribio mengine mawili, ila asiifute hiyo.

Upande wa pili, kijana wa simu amesimama kutazama watu wanaoshuka kwenye pantoni la Kigamboni. Ameweka fremu pana, tupu kabisa. Nampita namwuliza mbona hakuna kitu humo. "Nasubiri kijae, Madamu." Jibu limenifurahisha. Wenzake wengi hufuata kitu kilipo, na wakifika kimeshaondoka. Huyu ameweka mlango na kusubiri wageni. Pantoni linatia nanga, kwanza wanatoka wenye baiskeli, kisha umati wote kwa pamoja unaijaza fremu pembe hadi pembe. Halafu unapungua. Mwishoni kabisa anapita mtoto wa shule peke yake, anakimbia na begi mkononi, kachelewa. Huyo mtoto hakupangwa na mtu. Kwa kuwa anaonekana uso, kijana na mwalimu wanamfuata wamwombe ruhusa, hawampati, na wanakubaliana kuwa shoti itatazamwa darasani tu, haitapandishwa popote. Ni uamuzi sahihi. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, mtoto wa watu ni mtoto wa watu.

Saa 3:00

Chai. Chapati na supu kwa mama lishe, kamera zimewekwa mapajani, si mezani. Nimekula haraka kwa sababu nilikuwa nahesabu manyoya ya maiki. Yapo yote.

Saa 4:15

Chuoni. Sasa ni kunakili kadi, kazi inayochosha na isiyo na sifa, lakini ikikosewa asubuhi yote imekwenda. Kamera zetu tumeziweka kwenye megabiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo kila shoti ya sekunde 50 inakula kama megabaiti 625. Kila kadi inanakiliwa sehemu mbili, diski ya chuo na diski ya akiba, kisha nafungua faili kutoka kila nakala na kuitazama mwanzo na mwisho. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zimecheza mbele ya macho yangu. Mwanafunzi akiniambia "nimeshakopi, Madamu", namwitikia, halafu nafungua mwenyewe.

Saa 6:30 mchana

Kutazama. Pazia limeshushwa, projekta imewaka. Kanuni ya mwalimu ni kwamba aliyepiga haongei. Wenzake ndio wanasema wameona nini, sekunde kwa sekunde, bila kusema nzuri au mbaya. Ni mateso kwa mpigaji. Unawaona wanajiuma midomo, wanataka kueleza kwamba ile haikuwa nia yao.

Shoti nyingi zinachosha kufikia sekunde ya 20, na darasa linajua, viti vinaanza kulia. Wengi walidhani sekunde 50 ni chache. Ukikaa na ndoo ya dagaa isiyobadilika ndipo unapojua urefu wake.

Inakuja ya binti wa Lindi. Amechagua ile ya gamba. Kuna anayecheka gamba linaponata, halafu chumba kizima kinaliangalia lile gamba badala ya samaki. Mmoja anasema, "Mpaka hapo nilikuwa nimesahau kwamba kuna kamera." Mwingine anabisha kuwa ni uchafu tu, angefuta akapiga upya. Wanabishana hadi muda unapitiliza. Mimi niko nyuma na nyaya zangu, sina kura, lakini kama ningekuwa nayo ningempa huyo wa kwanza.

Saa 8:00 mchana

Baada ya chakula, zoezi la sauti. Asubuhi kila kikundi kilirekodi dakika kadhaa za sauti ya mahali, bila kuongea. Sasa wanabadilishana: picha yako, sauti ya jirani yako. Programu ya kuhariri ni DaVinci Resolve, toleo la bure, linatosha kabisa kwa kazi hizi.

Hapa ndipo wanapoanza kuelewa kwa nini nawasumbua na maiki. Picha ya mikono ya mzee imewekewa honi ya pantoni na makelele ya abiria, na ghafla unahisi bahari iko nyuma ya ile meza ingawa haionekani popote. Ile ya umati wa pantoni imewekewa sauti ya kisu kwenye magamba, krr, krr, krr, na umati wote umegeuka kuwa kitu cha kutia hofu kidogo. Kijana mwenyewe kaduwaa. "Sijabadilisha picha hata kidogo!" Mwalimu anatabasamu, anaacha liwaingie.

Sauti ya kikundi kimoja haifai kwa lolote. Upepo mtupu. Manyoya yalikuwepo, yalikaa mfukoni asubuhi nzima. Sikusema neno, niliyachukua tu nikayaweka juu ya meza yao.

Saa 10:00 jioni

Vifaa vinarudi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye chuma inakula taratibu. Kitambaa chenye unyevu kidogo kwanza, kikavu baadaye, viungo vya stendi vyote vinafunguliwa. Kisahani cha kushikilia kamera kwenye stendi kimoja hakipo. Hakipo kila mara. Kinabaki kimefungwa chini ya kamera, mtu anarudisha kamera mkoba mmoja na stendi mkoba mwingine, halafu tunatafutana. Leo kilikuwa mfukoni mwa kijana aliyekwisha kufika Posta. Amerudi mbio, namshukuru.

Gamba la changu bado liko kwenye kichujio cha lenzi. Nalibandua kwa ukucha.

Saa 1:30 usiku

Nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Kundi la wanafunzi kwenye simu halijalala: wanapanga zoezi la wiki ijayo, lile la Kuleshov. Mwongozaji huyo wa Kirusi, miaka ya mwanzo ya sinema ya Kisovieti, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji Mozzhukhin na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, majonzi na mapenzi kwenye uso ambao haukubadilika. Wanafunzi watarudia kwa uso wa mwenzao.

Supu wamepata, mama lishe wa Feri keshakubali. Mwanamke, binti wa Lindi amejitolea kwa sharti kwamba asivalishwe wigi. Ugomvi uko kwenye jeneza. Wengine wanasema litaleta nuksi, wengine wanataka shada la maua tu. Kisha kijana wa simu anaandika kwamba ana mjomba seremala Keko, ana majeneza matatu nje ya duka, wanaweza kwenda kupiga wakitaka. Ananiuliza mimi ni siku gani nzuri.

Nimemjibu: nendeni asubuhi na mapema, kabla mjomba hajapata mteja.